Aliyekuwa Akinimiminia Dawa

Waliokuwa nami wiki jana wanajua waliponiacha. Waliokosa wasogee karibu, nawapa kwa ufupi, maana hadithi yenyewe inanichoma na sitaki kuisema mara mbili.

Mimi ni Alzira, fundi wa magauni ya arusi hapa mjini Uberaba. Nilizaliwa shamba, katika nyumba ya udongo, na kwenye nyufa za kuta zile waliishi kunguni wakubwa wanaokuuma usoni ukiwa usingizini. Wanakuachia ugonjwa unaokaa kimya miaka mingi huku ukila moyo. Moyo wangu umeliwa na mdudu, ndugu zangu. Juu ya moyo huo ikaja korona.

Wodini daktari Heloísa akanijia na neno. Kuna dawa wanaijaribu kwa wagonjwa wa moyo walioshikwa na korona. Mafuta yanayotoka kwenye bangi, yaliyoondolewa ulevi wake. Yanaitwa kanabidioli. Huenda yakautuliza moyo wakati mwili unapigana na kirusi. Huenda, alisisitiza. Nusu ya wagonjwa wanapewa mafuta yenye dawa, nusu wanapewa mafuta matupu, na hata yeye daktari hajui nani kapata yapi.

Nilisita. Aliyenisukuma ni Belmiro, mume wangu, kwenye simu ya video kwa vile hakuna aliyeruhusiwa kuingia wodini. "Tia sahihi, mke wangu. Tia sahihi kwa ajili yangu." Nikatia. Wiki jana mliniacha nikishuka kwenye gari mlangoni kwangu, mfuko wa chupa za dawa mkononi, Belmiro akinishika kiuno kama bibi arusi.

Basi, nyumbani nikawa malkia.

Belmiro hakutaka niguse kitu. Asubuhi na jioni anakuja na chupa ya dawa na kale kabomba ka plastiki ka kupimia, anavuta mafuta mpaka kwenye mstari, ananitazama kwa upendo.

"Haya, mvuta bangi wangu. Fungua kinywa."

"Lete nijipimie mwenyewe, Belmiro. Sijawa mtoto."

"Mikono inakutetemeka. Ukimwaga tone moja daktari atalia."

Nilicheka. Nikafungua kinywa. Nilimeza kama kinda la ndege.

Majirani wakawa wananiambia nina bahati. "Waume wa siku hizi mke akiumwa wanamrudisha kwao," alisema komadre wangu Cleonice kutoka upande wa pili wa ukuta. "Wewe Belmiro anakulisha kwa mkono. Mshukuru Mungu."

Nikamshukuru Mungu. Nikamshukuru na Cleonice pia, kwa kuniletea supu ya kuku na vimkate vya jibini.

Huyu Cleonice lazima mumjue. Bintiye Ludmila nilimbeba mimi mbele ya padri siku ya ubatizo wake, nikaapa kuwa mama yake wa pili. Ndiyo maana tunaitana komadre, na kwetu neno hilo ni zito kuliko undugu wa tumbo moja. Dada unaweza kugombana naye. Komadre hugombani naye.

Ludmila ana kifafa. Tangu mdogo anaanguka, mara jikoni, mara shuleni, mara bafuni. Kilichomsaidia ni mafuta ya bangi yaliyokuwa yakitengenezwa na chama cha akina mama wenye watoto kama yeye. Walikuwa na shamba lao kwa ruhusa ya hakimu. Kisha hakimu mwingine akaja na fikra nyingine, shamba likafungwa, na Ludmila akarudi kuanguka. Ya dukani hayashikiki kwa bei. Hayo niliyajua. Nilimlilia mtoto yule nikiwa mgonjwa kitandani.

Wiki za kwanza nilijiona nafuu. Halafu miguu ikaanza kuvimba. Nikiinama kuokota uzi, moyo unaruka, unasita, unaruka tena. Ngazi za mlangoni zikawa mlima.

Daktari Heloísa alikuwa akinipigia simu.

"Dona Alzira, dawa unakunywa?"

"Asubuhi na jioni, daktari. Sikosi."

"Usiache hata mara moja. Mimi sijui chupa yako ina nini. Lakini nikijua umeinywa, mwili wako utatuambia kitu cha kweli, na kitawafaa wengi wenye moyo kama wako."

Maneno hayo yalinipa heshima. Na nisiwafiche, kulikuwa na jambo jingine. Kwa kuwa nimo kwenye jaribio lile, moyo wangu unapigwa picha, damu inapimwa, bingwa ananijua kwa jina. Nje ya jaribio kuna foleni ya bingwa wa moyo, na foleni ile watu wanaifia. Mwenzangu wa cherehani aliifia. Kutolewa kwenye jaribio, kwangu mimi, ni kuchimbiwa kaburi na kuonyeshwa mahali pa kulala.

Sasa, korona ilikuwa imenipokonya pua na ulimi. Nilikula maharage kama ninayetafuna pamba. Kahawa ilikuwa maji ya moto yenye rangi.

Asubuhi moja Belmiro akamimina kahawa kwenye chujio la kitambaa, mimi nimekaa mezani, na harufu ikanipiga usoni.

"Belmiro! Nasikia harufu! Nasikia kahawa!"

Nikalia kwa furaha. Nikanusa sabuni, nikanusa kitunguu, nikanusa kwapa la mume wangu, akacheka. Kisha akaleta kabomba kake.

"Fungua kinywa, mvuta bangi."

Mafuta yakanigusa ulimi. Sikumeza.

"Haya ni mafuta ya soya."

"Nini?"

"Ya kupikia. Yale ya kwenye kabati."

Kicheko kikamkauka. "Ulimi wako bado mgonjwa."

"Belmiro, mafuta haya nimekaangia mayai yako tangu uliponioa. Nitayasahau?"

Akageuka kuosha kikombe ambacho kilikuwa kisafi. Alipogeuka tena, uso ulikuwa umepata la kusema.

"Basi ndiyo hivyo. Umeangukia kwenye ile nusu ya mafuta matupu. Wamekufanya panya, Alzira. Wamekujazia mafuta ya soya wakakuacha uvimbe miguu. Hawa wasomi hawana huruma na watu."

Damu ikanipanda. Nilimwona daktari Heloísa na sauti yake ya upole, nikaona nimefanywa mjinga mchana kweupe. Nikachukua simu hapohapo.

"Acha kwanza," alisema Belmiro. "Tulia. Utaupandisha moyo."

Nikapiga.

"Daktari, sikutegemea haya kutoka kwako! Mngesema tu mafuta matupu, ningeelewa. Lakini soya? Soya ya kukaangia samaki?"

Nikamsikia akifunga mlango wa chumba chake.

"Dona Alzira, unasema unasikia ladha ya soya?"

"Nasikia soya, naijua soya, nimezeeka na soya!"

"Hakuna chupa yetu hata moja yenye mafuta ya soya. Yenye dawa na isiyo na dawa zote zina mafuta ya aina moja, na zote zina harufu ya peremende ili zisitofautiane."

"Basi ulimi wangu mwongo?"

"Sijasema hivyo. Njoo Jumatatu na chupa zote, zilizokwisha na zilizobaki. Usimwage kitu. Tafadhali, usimwage kitu."

Nilipoweka simu chini, Belmiro alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Amesema nini?"

"Ati twende na chupa zote Jumatatu."

"Kwa nini umempigia bila kuniuliza?"

"Nikuulize, kwani wewe ndiye daktari?"

"Tuachane nao, Alzira. Wanataka kukuzungusha tu. Nipe hizo chupa nizitupe, ujitoe, upumzike."

Nikamtazama. Mtu yuleyule aliyenisihi nitie sahihi kwa ajili yake, sasa anataka nijitoe. Nikaliona hilo, lakini sikulishika. Kwa aliyekulisha kwa mkono, macho huwa mazito kufunguka.

Jumapili akatoka kwenda kununua mkate. Mimi nikakaa barazani na barakoa yangu. Nikasikia mtu anagonga lango.

"Naomba baraka, mama ubatizo."

Ludmila! Sikuwa nimemwona tangu niugue. Mama yake alisema anamweka mbali kwa ajili ya korona. Lakini kwetu mtoto wa ubatizo hapiti mlango wa mama ubatizo bila kuomba baraka, na huyu alikuwa amevumilia mpaka akashindwa. Cleonice yuko misani, yeye katoroka.

"Mungu akubariki, mwanangu. Simama hapo hapo nikuone. Mbona umependeza hivi?"

"Sianguki tena, mama ubatizo."

"Unasemaje?"

"Sianguki! Hata shuleni wameshangaa. Nimeanza baiskeli."

Nikapiga makofi kama mwendawazimu. "Asifiwe Mungu! Shamba la akina mama limefunguliwa?"

Akacheka, akaziba mdomo juu ya barakoa. "Hapana. Ni dawa yako!"

"Dawa yangu ipi?"

"Hii unayojinyima. Mama alinikataza kukushukuru mpaka upone kabisa. Alisema mgonjwa akishukuriwa mapema, baraka yake inapungua. Lakini mimi siwezi, mama ubatizo. Siwezi kunywa kila siku na kunyamaza. Mjomba Belmiro akiileta namwambia, mfikishie busu."

Moyo wangu ulisita, na safari hii haukuwa ule ugonjwa.

"Ina ladha gani, mwanangu?"

"Peremende," alisema. "Tamu. Kwani wewe hujawahi kuionja?"

Ndugu zangu, nilikuwa na nafasi ya kusema. Lango lile lilikuwa baina yetu, na yeye alikuwa anang'aa, mtoto ambaye maisha yake yote nimemwona na plasta kwenye kidevu. Nitamwambiaje kwamba afya yake imeibwa mdomoni mwangu?

"Kunywa, mwanangu," nikamwambia. "Usiache."

"Busu, mama ubatizo."

"Busu, mwanangu. Nenda kabla mama yako hajarudi."

Akaenda zake. Nami nikabaki na baraza yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Wangu alikuwa kitandani mwangu, na mwenzake jikoni mwangu na bakuli la supu.

Belmiro alirudi na mkate wake. Sikumpa nafasi ya kuuweka mezani.

"Ludmila amekuja kunishukuru."

Akasimama. Mkate ukamponyoka kwapani.

"Alzira…"

"Mwite komadre wangu. Mwite aje ukutani. Sitaki kusikia uongo huu kwa awamu."

Cleonice alikuwa ndiyo kwanza anarudi misani, shela bado kichwani. Aliponiona alijua. Hakuvunga hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Nani alianza?" niliuliza.

Wakatazamana. Mume wangu na komadre wangu, wanatazamana kuamua nani anijibu.

"Mimi," alisema Cleonice. "Belmiro alinipigia kulalamika kwamba unasita kutia sahihi. Akanitajia ile dawa. Nilipiga magoti sebuleni, Alzira. Nikamwambia, mwambie atie. Mwambie atie upesi."

Nikamgeukia Belmiro. "'Tia sahihi kwa ajili yangu.' Ndivyo ulivyosema."

Akapangusa mikono kwenye suruali.

"Kumbe nilitia kwa ajili ya jirani wa ukutani."

"Sikiliza, mke wangu. Daktari mwenyewe alisema hajui kama mafuta yale yanausaidia moyo. Hajui! Wanajaribu. Lakini kwa Ludmila tulikwishaona kwa macho kwamba yanamfaa. Wewe ulikuwa na labda, yeye ana hakika. Mimi nilipima…"

"Ulipima."

"Nilipima."

"Ukanipima mimi na binti wa jirani, ukaniona mwepesi."

"Si mwepesi! Usigeuze maneno!"

"Na chupa ingekuwa ya mafuta matupu je? Mngejuaje?"

Cleonice akasema bila aibu, kama anayenieleza jinsi ya kupika wali, "Tulimjaribisha kwanza. Tukasema tutazame kama anaacha kuanguka. Asingeacha, tungekurudishia."

"Yaani ikiwa dawa, ya kwenu. Ikiwa bure, ya kwangu!"

"Usipige kelele, moyo wako…"

"Moyo wangu usiutaje! Usiutaje tena mdomoni mwako, Cleonice! Supu zako zote zile. 'Mshukuru Mungu una mume.' Ulikuwa unanichungulia kuona kama nimemeza?"

Ndipo naye akalipuka.

"Ndiyo! Nilikuwa nachungulia! Na wewe ungekuwa mimi ungechungulia! Wewe umeishi, Alzira. Umeolewa, umeiona bahari, umewavalisha maarusi wa mji mzima. Mwanangu ameona nini? Sakafu! Kila akifumbua macho anaona sakafu!"

Maneno hayo yaliniingia. Sitawadanganya, yaliniingia, maana ni ya kweli.

"Mngeniomba," nikasema.

Cleonice akaivua shela kichwani.

"Mngeniomba tu. Mimi ni mama yake mbele ya Mungu. Mlifikiri ningekataa?"

"Ungetoa," alisema Cleonice, sauti imeshuka. "Najua ungetoa. Halafu daktari angekupigia akuulize, na wewe ungemwambia. Mdomo wako hauna kifuniko, komadre. Huna hata uongo wa kumwambia mteja kwamba gauni limempendeza."

Fikirini hilo. Waliniibia kwa sababu mimi si mwongo.

Nikaketi, maana miguu ilikuwa imejaa maji. Belmiro akapiga magoti mbele yangu palepale uani, karibu na mboga zake. Mwanamume mzima anashika pindo la gauni langu.

"Jumatatu nitasema mwenyewe. Naapa kwa kaburi la mama. Nitamwambia daktari ni mimi niliyebadilisha, mimi peke yangu, wewe hukujua chochote. Aninyonge mimi. Wewe utabaki kwenye jaribio lako na madaktari wako."

"Na Ludmila?"

"Simtaji. Nitasema niliyauza. Nitasema lolote."

"Ukimtaja, watakuja kuichukua ile chupa aliyobaki nayo. Ataanguka tena."

"Simtaji, Alzira. Wewe usiseme neno. Niachie mimi."

Cleonice akanyoosha mkono juu ya ukuta. Sikuushika, ila kichwa nilikitikisa. Nilikubali. Mkiniuliza kwa nini, sina jibu la maana. Nimelala na mtu yule maisha yangu ya utu uzima. Nilikuwa na hasira ya kumtoa macho, lakini bado niliamini kiapo chake.

Jumatatu tukaenda. Ndani ya gari alinifunga mkanda, akanifunika magoti kwa shali. Nilitazama nje njia nzima.

Chumba cha daktari Heloísa kilikuwa na mtu wa ziada. Bwana mmoja mkavu mwenye suti, barakoa mbili usoni. "Ni mkaguzi wa jaribio," alisema daktari. Hakutabasamu kama desturi yake.

Nikapanga chupa mezani. Mkaguzi akafungua mojawapo, akanusa, akampa daktari. Naye akanusa. Wakatazamana.

"Dona Alzira," alisema daktari, "ulikuwa sahihi. Ni mafuta ya kupikia. Lakini chupa hizi zilitoka kwetu zimefungwa kwa lakiri. Na moja haipo."

"Ndiyo, daktari."

Mkaguzi akaingilia. "Mama, unaelewa dawa hii ni ya aina gani? Iko chini ya ulinzi wa sheria. Ikipotea hatuandiki 'imepotea' tukaenda kunywa kahawa. Tunawapa taarifa polisi. Na mshiriki aliyeitoa kwa mtu mwingine anaondolewa leo hii."



"Na si wewe tu," alisema daktari Heloísa, na hapo nikaona ameumia kweli. "Nimekuandika kwamba umekunywa kila siku. Miguu yako iliyovimba nimeiandika. Kama ulikuwa na dawa halisi, basi nimekuwa nikiishuhudia uongo dawa isiyowahi kuingia tumboni mwako. Watu wa moyo kama wako watasomewa matokeo yale. Unaelewa?"

"Naelewa, daktari."

"Basi nisaidie. Nani nyumbani alikuwa akishika chupa hizi?"

Nikanyamaza, kama tulivyokubaliana. Nikamtazama mume wangu.

Belmiro akavua kofia. Akaizungusha mikononi. Akamtazama mkaguzi, akatazama mlango, akatazama viatu vyake.

"Daktari," alisema, "mimi ni mtu mnyonge, sikusoma. Lakini siwezi kuukalia ukweli."

Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, haya, angalau hili.

"Dawa zake huwa anajimiminia mwenyewe. Mimi chupa zile sijawahi kuzigusa."

Nilidhani pua imerudi na masikio yameondoka.

"Belmiro?"

"Nilimwambia, daktari. Nilimkataza. Lakini ana binti yake wa ubatizo pale jirani, mwenye kifafa, anampenda kuliko roho yake mwenyewe. Angefanyaje? Ana moyo wa huruma mno huyu mwanamke."

"Belmiro, tazama huku! Nitazame mimi!"

Hakunitazama. "Msiamini maneno yangu, mimi ni mume, nitamtetea au nitamkosea. Mwulizeni binti mwenyewe. Mtoto hasemi uongo. Atawaambia nani alimpa."

Na angewaambia, ndugu zangu. Ludmila angesimama mbele ya polisi na macho yake safi, aseme, ni mama ubatizo, alijinyima kwa ajili yangu, na Jumapili kwenye lango aliniambia kwa mdomo wake nisiache. Kila neno angelisema kwa upendo.

"Jina la binti huyo ni nani?" aliuliza mkaguzi. Kalamu ilikuwa tayari.

"Dona Alzira," alisema daktari. "Ni kweli anayosema mumeo?"

Nikisema si kweli, lazima niwape ukweli wote: Cleonice, ukuta, chupa. Watakwenda pale leo hii na kuibeba, na mtoto atarudi sakafuni. Nikisema kweli, natoka mlango ule nikiwa mwizi, naenda kupanga foleni na moyo huu.

Nilifungua kinywa. Chumba kizima kilikuwa kinaningoja mimi, mwanamke asiye na kifuniko mdomoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikujua ulimi wangu utaangukia wapi.

Kabla sijatoa neno, Belmiro akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, kofia imekunjwa kifuani.

"Sema tu ukweli, mke wangu," alisema. "Mungu anakuona."

Daktari Heloísa akachukua boksi la karatasi laini kutoka dirishani, akalipitisha mbele yangu, akamsogezea Belmiro.